Tufe Lilelile, Mafuta Mengine



Kuna swali limezunguka sana kwenye makundi yetu miezi hii, na nimeona watu wanalijibu haraka kuliko linavyostahili. Mtu aliyekuwa mwema nyumbani, anayesali, anayeaminiwa hadi kukabidhiwa fedha za watu, akihamia mahali pengine akaharibika, je, ule wema wake wa kwanza ulikuwa wa kweli? Au alikuwa anaigiza tu, na mji umemvua kinyago?

Wengi wanasema alikuwa anaigiza. "Angekuwa mwema kweli asingebadilika." Sentensi fupi, inasikika kama hekima, na mtu akiiandika kwenye kundi anapata vidole gumba kumi papo hapo. Mimi siikubali. Na sababu yangu, utanivumilia, naitoa kwenye mchezo ambao wengi wenu huenda mmeuona kwenye sinema tu: bolingi.

Niko Milwaukee, Marekani, mwaka wa tatu sasa, nasoma. Bolingi huku ni kama bao kwa wazee wa pwani au drafti kijiweni. Kwenye barabara ya Lincoln Avenue kuna Basilika ya Mtakatifu Yosafati, iliyojengwa na Wakatoliki wahamiaji kutoka Poland, na kwenye barabara hiyohiyo kuna baa ndogo iitwayo Holler House yenye njia mbili za bolingi chini ya sakafu, za tangu mwaka 1908, ambako pini ziliendelea kusimamishwa kwa mkono wa mtu miaka mingi baada ya wengine wengi kuhamia mashine. Zipo pia parokia za Marekani zilizojenga njia za bolingi chini ya kanisa au chini ya ukumbi wao. Kwa hiyo nilipojiunga na vijana wa parokia hapa, niliambiwa Jumanne jioni tunakutana. Nikadhani ni mazoezi ya kwaya. Kumbe ni bolingi.

Kwa asiyeujua: una njia ndefu ya futi 60, yaani mita 18 na kidogo, na upana wake ni mita moja hivi. Mwisho wake zimesimama pini 10. Unabingirisha tufe zito, lisilozidi kilo 7 na robo, uziangushe. Zikianguka zote kwa tufe la kwanza, hiyo ni straiki. Pembeni, kulia na kushoto, kuna mfereji, na tufe likitumbukia humo basi, limekwenda bure. Na mbele ya miguu yako kuna mstari. Ukiuvuka, hata ukiangusha pini zote 10, hazihesabiwi. Huo mstari uweke akilini, nitaurudia.

Kitu ambacho mgeni haambiwi siku ya kwanza ni kwamba njia ile imepakwa mafuta. Ndiyo, mafuta. Zamani yalipakwa ili kulinda mbao zisichubuliwe na matufe. Siku hizi njia nyingi si za mbao tena, lakini mafuta yamebaki, na yamekuwa ndiyo mtihani wenyewe wa mchezo. Ni kidogo sana, vijiko vichache vya mezani kwa njia nzima, yanatandazwa na mashine kwa utando mwembamba kiasi kwamba ukisimama pale pa kurushia huyaoni. Unaona sakafu inang'aa, basi.

Na hayapakwi sawasawa. Yanaanzia mbele yako, yanakwenda kama theluthi mbili za njia, halafu yanakoma, na sehemu ya mwisho inaachwa kavu. Tufe likiwa kwenye mafuta linateleza. Likifika pakavu linashika sakafu, linakata kona, kisha linabingirika moja kwa moja kuelekea kwenye pini. Kuteleza, kushika, kubingirika: maisha yote ya tufe ni hayo matatu, kwa muda wa sekunde mbili na ushee.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Kwenye klabu za kawaida mafuta hupakwa mengi katikati na machache pembeni. Katikati yanaweza kufika mara 10 ya pembeni. Hiyo ina maana gani? Ukikosea ukarusha nje kidogo, tufe linakutana na pakavu mapema, linashika, linarudi lenyewe katikati. Ukikosea ukarusha ndani kidogo, mafuta mengi yanalishikilia lisikate kona mapema, linafika pale pale. Umekosea mara mbili, pande mbili tofauti, na mara zote mbili umeangusha pini. Njia imekusamehe, wala hujui kwamba umesamehewa! Unageuka kwa wenzako unapiga ngumi hewani.

Kwenye mashindano magumu wanapaka mchoro mwingine. Tofauti ya katikati na pembeni hairuhusiwi kuzidi mara 3, na mara nyingi ni ndogo kuliko hapo. Kosa la upana wa kidole linakwenda kuwa kosa la upana wa mkono. Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kimezipa njia hizi majina ya wanyama. Kuna Duma, ambayo mafuta yake yanakoma mapema. Kuna Papa, ambayo mafuta yake ni marefu, yanapita futi 40. (Papa wa baharini, jamani, si wa Roma.) Kwenye Duma tufe linapata pakavu mapema na linakata kona kwa nguvu, ukilirusha kama ulivyozoea linavuka upande wa pili. Kwenye Papa linateleza mpaka unakata tamaa, na likija kugeuka limechelewa.

Nimeona wachezaji wanaoheshimika klabuni kwao, watu wazima wenye vikombe kabatini, wakipelekwa kwenye njia kama hizo na alama zao zinaporomoka. Na katika miaka yote hii sijamsikia mtu hata mmoja akisema, "Kumbe huyu alikuwa anatudanganya klabuni." Wanasema tu, "Mafuta haya hajayajua." Wanajua kwamba ustadi wake ulikuwa wa kweli. Wanajua pia kwamba sehemu ya zile alama aliletewa na njia. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na hakuna anayeona ajabu.

Sisi kwa binadamu ndipo tunapata taabu.

Nina rafiki, jina kapuni. Tumetumikia altare pamoja, tumepata kipaimara siku moja. Miaka mitatu alikuwa mweka hazina wa vijana parokiani kwetu, na fedha zilikaa kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake kwa sababu benki iko mbali. Mtu mpole sana, mtu wa watu. Ukimwomba kitu hawezi kukataa. Akapata kazi Dar es Salaam, kwenye duka la simu, akapanga chumba. Wenzake dukani kila Ijumaa wanaandaa mkeka, kila mtu anaweka buku, mechi kumi na mbili, wanacheka. Naye akaweka buku. Nadhani hadithi iliyobaki unaifahamu, maana kila mtaa una yake. Mkeka ukatiki mara moja, ikawa basi. Mwezi wa tano mama yake alimtumia laki nne akamlipie mdogo wake ada ya chuo hukohuko Dar. Zikachanika zote kwa usiku miwili.

Habari ilipofika kwenye kundi, mmoja akaandika lile neno: mnafiki. Mwingine akaongeza kwamba kama ni hivyo, vitabu vya fedha vya ile miaka mitatu vikaguliwe upya, maana mwizi haanzi siku moja. Na vikakaguliwa kweli. Mzee mmoja wa halmashauri alikaa navyo Jumamosi mbili. Haikupungua hata shilingi mia.

Unajua kundi lilijibu nini? "Basi alikuwa hajapata nafasi." Kopo liko chini ya kitanda chake miaka mitatu! Nafasi gani nyingine anataka mtu?

Mimi nasema uaminifu wake ulikuwa wa kweli, na ulikuwa wa kweli kwenye njia ile. Alikuwa na mama anayemwamsha saa kumi na moja kwa ajili ya Misa ya asubuhi. Alikuwa na jumuiya inayopita kwao kila Alhamisi. Alikuwa na katekista anayemjua tangu akiwa na meno ya utoto, na majirani ambao ukipita na viatu vipya watauliza umenunua kwa fedha gani. Akienda nje kidogo, anarudishwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na sisi tunaitumia kumsifu anayekumbuka kwao, lakini hebu isikilize tena ukiwa unafikiria njia ya bolingi. Kwao kuna mkono unaomtunza mchezaji, na mara nyingi hauonekani.

Wapo watakaosema wema unaosaidiwa si wema. Hilo nalo nalikataa. Sijui ni nani kati yetu aliye na wema wa aina nyingine. Neema ya Mungu imenifikia mimi kwa njia ya bibi yangu na rozari yake, kengele ya saa kumi na mbili, na padre mmoja aliyenifokea. Kama hiyo ni kusaidiwa, nimesaidiwa, na sioni aibu.

Mtu akaniletea Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana anaposema juu ya kuwa mwaminifu katika mambo madogo na makubwa. Akasema, unaona, aliyefeli katika kubwa hakuwa mwaminifu katika dogo. Lakini Bwana hakuwa anatupa kanuni ya kupimia watu kurudi nyuma. Alikuwa anatufundisha tuanzie wapi. Na kama unataka kumsoma Luka, endelea hadi sura ya 22. Petro yuko mezani, anaahidi kwamba yuko tayari kwenda gerezani na kufa. Masaa machache baadaye yuko uani, penye moto, na kijakazi mmoja anamtazama usoni, na Petro anasema hamjui mtu huyo. Je, pale mezani alikuwa mnafiki? Mimi nimeisoma sehemu ile mara nyingi sioni dalili yoyote kwamba alikuwa anadanganya. Alimaanisha. Ila mezani alikuwa amezungukwa na ndugu, Mwalimu wake yuko mkono kwa mkono, divai ipo. Uani ni usiku, baridi, maadui. Na Yesu, aliyeijua njia ile kabla Petro hajaikanyaga, hakumwita mnafiki. Alimwambia kwamba amemwombea.

Alama bila njia hudanganya, na historia ya mchezo wenyewe inalionyesha hilo kwa namna mbaya zaidi. Chama kikuu cha bolingi cha wanaume Marekani, American Bowling Congress, kilichoanzishwa mwaka 1895, kilikuwa na kanuni ya kuwapokea wanaume weupe peke yao, na kanuni hiyo haikuondolewa hadi mwaka 1950. Watu weusi walianzisha chama chao Detroit mwaka 1939. Sasa chukua vitabu vya mashindano makubwa ya miaka ile, usome majina ya washindi, halafu useme weusi hawakujua kubingirisha tufe. Ungekuwa umesoma kila tarakimu sawasawa, na ungekuwa umesema uongo.

Haya. Lakini nisije nikaeleweka vibaya, maana najua nimefika mahali ambapo wengine wanapiga makofi kwa sababu isiyo sahihi. Wanasema, "Kweli kabisa, ni mazingira, ungekuwa wewe ungefanya nini?" Kaka, dada, hapana. Ule mstari wa mbele unaukumbuka? Wanaweza kupaka mafuta marefu au mafupi, mengi au machache. Mstari hausogei. Ukiuvuka kwenye njia ya klabu ni sifuri, ukiuvuka kwenye Papa ni sifuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha jambo la namna hii kwenye namba 1754: mazingira yanaweza kuongeza au kupunguza uzuri au ubaya wa tendo, yanaweza kupunguza wajibu wa mtendaji, lakini hayawezi kuligeuza tendo baya likawa zuri. Na namba 2413 inasema wazi kwamba michezo ya bahati nasibu si dhambi yenyewe kwa yenyewe, ila haikubaliki pale inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji yeye au wengine wanaomtegemea, na kwamba shauku ya kamari inaweza kuwa utumwa. Ile laki nne ilikuwa ya mdogo wake. Alivuka mstari. Mimi ni rafiki yake na ninaandika hivyo, naye anajua ninaandika.

Tunachochanganya ni maswali mawili. La kwanza: je, tendo ni baya? La pili: yeye analaumiwa kwa kiasi gani? La kwanza tunaweza kulijibu tukiwa tumekaa kwenye kundi tunakunywa chai. La pili, Katekisimu hiyohiyo, namba 1735, inataja ujinga, woga, mazoea, hali za nafsi na mambo ya kijamii kama vitu vinavyoweza kupunguza lawama, hata kuifuta. Nani kati yetu ana mizani ya kupimia hayo? Tufe la siku hizi, la resini, linakunywa mafuta. Ni kweli, lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila likipita njiani linafyonza. Baada ya michezo mingi haliishiki sakafu kama lilivyotoka dukani, na ukilitazama kwa nje unaliona zima. Mazoea ndivyo yalivyo. Ukimtazama yule kijana siku ya mwisho, hutazami tena mtu aliyeweka buku ya kwanza akicheka.

Basi mchezaji mwenye akili anafanya nini anapokutana na mafuta asiyoyajua? Hapa ndipo mchezo ulipinifundisha kitu ambacho sikukitegemea.

Kwanza analitazama tufe lake. Mafuta hayaonekani, kwa hiyo hakuna njia nyingine ya kuyajua isipokuwa kuangalia tufe limefanya nini. Limeshika wapi? Limegeuka mapema? Limefika limechoka? Mchezaji mbaya anarusha na kugeuka kutazama watu. Mchezaji mzuri anabaki palepale, mkono bado uko juu, macho yako kwenye tufe hadi linapozama. Sisi tuna jina la kitu hicho, tunakiita kutafiti dhamiri, na tunakifanya mlangoni mwa kitubio kwa dakika mbili.

Halafu anabadilisha. Anasogea mbao kadhaa kushoto, anapunguza mwendo, anabadili pembe. Au anabadili ngozi ya tufe. Hii ni habari kubwa kwenye bolingi. Mwaka 1973 mchezaji mmoja, Don McCune, alikuwa analoweka matufe ya plastiki kwenye kemikali ili ngozi ilainike, maana ngozi laini inashika sakafu zaidi. Alishinda mataji 6 ya PBA mwaka huo na akawa mchezaji bora wa mwaka. Hakukuwa na kanuni ya kumzuia. Baadaye ikawekwa kanuni ya ugumu wa chini wa tufe. Siku hizi hawaloweki, wanatumia msasa. Njia ikiwa na mafuta mengi, unalikwaruza tufe kwa msasa wa chembe kubwa, ngozi inakuwa na makovu madogo, nayo ndiyo yanayoshika. Njia ikiwa kavu, unaling'arisha liwe kama kioo, liteleze, lisichoke mapema.

Nikacheka peke yangu siku nilipoelewa hilo. Kwetu ukisema kijana amepigwa msasa, unamaanisha amelainishwa: ana adabu, hana kona, anakubalika. Na parokiani msasa wa namna hiyo unafanya kazi vizuri mno. Rafiki yangu alikuwa amepigwa msasa mpaka anang'aa. Hana ugomvi na mtu. Hajui kusema hapana.

Halafu mchukue huyo, laini kama kioo, umweke kwenye mafuta mengi.

Nilimpigia simu mwezi wa saba. Nilimuuliza swali moja tu, ilianzaje. Akaniambia, "Ndugu yangu, wala sikuwa na tamaa ya hela. Walikuwa wananiambia weka basi, usitutenge. Nikaona nitaonekana najifanya mtakatifu." Yaani kile kile tulichokipenda kwake, kile kilichomfanya awe mweka hazina mwema ambaye kila mama alimwamini, ndicho kilichomtelezesha. Hakupoteza wema wake alipofika mjini. Alikwenda nao. Ulikuwa umeng'arishwa kwa ajili ya njia nyingine.

Ndiyo maana siamini tena ushauri wa "wewe baki kama ulivyo" tunaowapa vijana wanaosafiri. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaiweka busara kuwa fadhila inayoongoza nyingine, na katika sehemu zake anataja moja ambayo naweza kuiita kutazama pande zote: kuangalia kama jambo lililo jema lenyewe linafaa hapa, sasa, kwa watu hawa. Mfano wake ni wa nyumbani kabisa. Kumwonyesha mtu dalili za upendo ni jambo jema la kumvuta akupende. Lakini kama zinamtia kiburi, au anashuku kwamba unamrairai, basi njia hiyo haikufikishi tena unakokwenda. Upendo haujabadilika. Namna ya kuurusha lazima ibadilike. Upole wa rafiki yangu dukani ulihitaji makovu: kusema "mimi siweki" kwa sauti kavu, na kukubali kuonekana anajifanya mtakatifu kwa Ijumaa tatu au nne, mpaka wamzoee. Unafiki haumo hapo. Ni tufe lilelile, limekwaruzwa.

Na limebaki jambo moja ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike.

Mafuta hayakai. Kila tufe linalopita linachukua kidogo na kuyasukuma mengine mbele. Baada ya mchezo mmoja, njia uliyoianza si hiyo tena: mahali palipokuwa na mafuta pamekauka, na palipokuwa pakavu pamepata utelezi. Anayerusha wa kumi anakutana na kile tisa wa kwanza walichokiacha, wala hawakukusudia. Wanaotumia mkono wa kushoto wana bahati yao, kwa sababu ni wachache, upande wao wa njia unachakaa taratibu, na utawasikia wenye mkono wa kulia wakilalamika kuhusu hilo kila Jumanne. Baadhi yetu ndivyo tulivyo. Tunadhani tumesimama kwa uimara wetu, kumbe upande wetu hawapiti watu wengi.

Kanisa lina neno la mafuta haya yanayohamishwa: kwazo. Katekisimu, namba 2286, inasema kwazo linaweza kuletwa na sheria, na taasisi, na mitindo, na maoni ya watu. Si lazima umshike mtu mkono umpeleke. Nilirudi nyuma kwenye kundi letu la vijana, hili hili la parokia, lenye picha ya Mama Maria juu, nikasoma kuanzia Januari hadi Mei. Kila Jumapili jioni kuna mtu amebandika mkeka wake uliotiki, pamoja na vicheko na mioto. Mikeka iliyochanika haibandikwi. Rafiki yangu alikuwa humo ndani muda wote, akiwa chumbani kwake Dar, peke yake, anasoma. Na aliyebandika mkeka mkubwa kuliko wote, wa mwezi wa tatu, ni yuleyule aliyeandika neno mnafiki.

Nilimwandikia pembeni, si mbele ya watu. Nilimweleza habari ya mafuta. Alikaa kimya siku nne, nikadhani nimempoteza. Siku ya tano aliifuta ile picha ya mwezi wa tatu, akaandika kwenye kundi kwamba anaanzisha mchango wa ada ya yule binti, na akaweka elfu hamsini ya kwanza yeye.

Hadi naandika hapa imefika laki mbili na elfu tisini. Elfu sabini kati ya hizo ameileta kaka yake mwenyewe, kwa mafungu ya elfu kumi kumi, kupitia simu ya mama yake, kwa sababu namba ya siri ya simu yake ya fedha sasa anaijua mama peke yake. Chuo kimekubali kusubiri hadi tarehe 15.